Lumi na H5P: zana ya kumfundisha mwalimu wa Kiswahili kutunga mazoezi, pamoja na kisanduku kimoja cha kuogopwa

Mafunzo mengi ya mtandaoni kwa walimu wa lugha humaliza wiki ya kwanza kwa nywila, akaunti na "mwalimu, mimi bado sijaingia". Lumi inaondoa karibu kero hiyo yote. Ni programu ya bure ya kompyuta, inakaa kwenye Windows, Mac au Linux, na kazi yake ni kutunga mazoezi ya H5P, yaani mazoezi shirikishi yanayofunguka kwenye kivinjari na kujisahihisha yenyewe, bila seva wala usajili. Kwa mkufunzi wa walimu wa Kiswahili tunaipendekeza, ila asiwaachie walimu mipangilio yake bila kuwaonya.

H5P yenyewe ilianzia Norway mwaka 2013, na mwaka 2024 kampuni inayoiendeleza ilinunuliwa na D2L ya Kanada. Msimbo wake uko huria chini ya leseni ya MIT, ndiyo maana zoezi moja linaingia Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, na pia WordPress na Drupal, programu za kujengea tovuti, bila kumlipa mtu. Ipo pia huduma ya kulipia, H5P.com. Kwa mafunzo ya walimu haihitajiki.

Mtandao unahitajika mara ya kwanza tu, kupakua aina za mazoezi. Mwambie kila mshiriki azipakue kabla ya siku ya kuanza, akiwa mahali penye intaneti ya uhakika. Baada ya hapo bando likiisha kazi inaendelea. Kasoro kubwa ni kwamba Lumi haikai kwenye simu. Anayetegemea simu peke yake hatatunga chochote, na ni haki yake kuambiwa hivyo kwenye tangazo la mafunzo, si siku ya pili.

Aina za mazoezi ni nyingi kupita kiasi. Mkufunzi akiwaonyesha zote, wiki inaishia kwenye kushangaa. Tatu zinatosha kuanzia: Fill in the Blanks (kujaza mapengo), Drag the Words (kuburuta maneno hadi kwenye mapengo) na Dictation (imla). Ya kwanza ndiyo yenye somo kubwa zaidi, na hapo ndipo pa kukaa.

Katika Fill in the Blanks mwalimu anaandika sentensi na kuzungushia jibu vinyota: Funguo *zangu* zimepotea. Majibu yanayokubalika zaidi ya moja hutenganishwa kwa mkwaju: Mtoto *amelala/analala*. Kidokezo hufuata nukta mbili: *zangu:ngeli ya U-ZI, wingi*. Alama hizo tatu anazijua mtu ndani ya dakika kumi. Kinachochukua muda ni kuamua nini kiwe upande wa pili wa mkwaju. Mwalimu wa Nairobi akiandika *tarakilishi* peke yake, mwanafunzi aliyefundishwa kwa vitabu vya Tanzania anaandika kompyuta na kukoseshwa. Dawa ni kuwapa wenzake watatu sentensi yenye pengo bila jibu, kisha kukusanya walichoandika. Wakija na majibu matatu tofauti, pengo halijafungwa vizuri na sentensi inahitaji muktadha zaidi.

Sasa kisanduku chenyewe. Katika mipangilio kuna chaguo la kukubali makosa madogo ya tahajia, Accept minor spelling errors, na walimu wenye huruma hulitia tiki haraka. Kanuni yake ni hii: neno la herufi 3 hadi 9 husamehewa kosa moja la herufi, na neno linalozidi 9 husamehewa mawili. Kwa Kiingereza huenda ni ukarimu. Kwa Kiswahili ni kufuta somo la upatanisho wa kisarufi. Jibu likiwa zangu, programu itapokea pia yangu, wangu na langu, maana kila moja limetofautiana kwa herufi moja. Jibu likiwa tumeondoka, lenye herufi 10, basi nimeondoka, mmeondoka, wameondoka na hata tuliondoka yote yanapata alama. Nafsi imekosewa, au wakati umekosewa, na mwanafunzi anaambiwa hongera. Kisanduku hicho kisiguswe kamwe katika zoezi la ngeli, nafsi au njeo. Kama kusudi ni msamiati tu, kinaweza kuvumilika.

Mitego mingine miwili ni midogo lakini inaudhi. Apostrofi ya ng'ombe huja kwa sura mbili, iliyonyooka na iliyopinda. Simu ya mwanafunzi inaweza kuandika moja na mwalimu aliyenakili kutoka Word akawa na nyingine, na programu ikaona maneno mawili tofauti. Andika zote mbili: *ng'ombe/ng’ombe*. Pia saa: ukiandika *2:30*, nukta mbili itachukuliwa kuwa mwanzo wa kidokezo, jibu litakuwa 2, na mwanafunzi ataonyeshwa 30 kama msaada. Andika saa mbili na nusu kwa maneno.

Drag the Words inafaa zaidi kwa upatanisho kwa walioanza, kwa sababu maneno yapo tayari na tahajia haiingii. Ila jaza sehemu ya maneno ya kupoteza. Bila hayo pengo la mwisho linajijibu lenyewe.

Dictation huomba sauti ya kila sentensi, na ukitaka, sauti ya pili ya polepole. Inawafaa wanaochanganya dh, th na gh, au l na r. Hapa pia kuna mpangilio wa kuamua kosa la kuchapa lihesabiweje. Kwa sababu zile zile za zangu na yangu, lihesabiwe kosa kamili. Sauti zilizorekodiwa kwa WhatsApp huwa katika muundo wa Opus, hivyo zigeuzwe MP3 kwanza. Kwa chaneli moja na kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde, sekunde 10 za usemi ni kama kilobaiti 80 tu.

Maneno ya vitufe hutafsiriwa chini kabisa ya ukurasa wa kuhariri: Angalia, Jaribu tena, Onyesha jibu. Inabidi kuyaandika upya katika kila zoezi, jambo linalochosha. Afadhali mkufunzi atengeneze faili moja tupu lenye maneno ya Kiswahili na mipangilio sahihi, kisha washiriki wanakili faili hilo kila wanapoanza.

Faida inayoipa Lumi ushindi kwenye mafunzo ni kwamba faili la .h5p hufunguka tena likiwa la kuhaririwa. Mshiriki analituma kwa mwenzake, mwenzake anaona vinyota, vidokezo na mipangilio yote, anarekebisha na kurudisha. Mkosoaji apewe kazi mahususi: aingize majibu matatu yasiyo sahihi ambayo mwanafunzi halisi angeandika, na aripoti programu ilisema nini. Wiki 5 zinatosha kwa mzunguko huo. Ndio urefu wa vipindi vya Electronic Village Online, mafunzo ya bure ya walimu wa lugha yaliyoanzia TESOL, chama cha kimataifa cha walimu wa Kiingereza, mwaka 2001. Anayemaliza mapema apelekwe kwenye Advanced Fill in the Blanks, inayoruhusu kuandika maelezo kwa kila jibu baya linalotarajiwa.

Kumfikishia mwanafunzi ndipo mambo yanapolegea. Lumi inaweza kutoa zoezi kama faili moja la HTML, ambalo hata likiwa na sentensi chache linaweza kufika megabaiti kadhaa kwa kuwa limebeba msimbo wake wote. Kulituma kwa WhatsApp ni bahati nasibu: kwenye Android lichaguliwe kufunguliwa kwa Chrome, na kwenye iPhone onyesho la awali huacha ukurasa mtupu kwa sababu haliendeshi JavaScript, msimbo unaolifanya zoezi lifanye kazi. Ni bora kuliweka kwenye tovuti ya shule na kutuma kiungo. Hata hivyo alama hazimrudii mwalimu zenyewe.

Anayetaka alama aende Moodle, ambayo tangu toleo la 3.9 la mwaka 2020 ina shughuli ya H5P ndani yake. Huko kosa la kawaida ni ujumbe kwamba maktaba inayohitajika haipo. Maana yake Lumi ya mwalimu ina toleo jipya la aina ya zoezi kuliko Moodle ya chuo, na mwalimu hana ruhusa ya kulisakinisha. Kupakia tena mara kumi hakusaidii. Msimamizi wa Moodle asasishe aina hizo au apakie faili la kwanza yeye mwenyewe, kisha walimu wengine wataweza kupakia yao.