Uzoefu wangu wa kulinda RAV4 ya kuwasha kwa kitufe: kifuko, kufuli la usukani na imobilaiza ya namba ya siri

Gari ninalolizungumzia ni Toyota RAV4 haibridi ya mwaka 2020, na linalala nje ya nyumba huko Ilford, mashariki mwa London, hatua chache tu kutoka dirisha la sebule. Halina tundu la ufunguo wa kuzungusha. Ufunguo unakaa mfukoni, mlango unafunguka ukiushika mkono wake, na gari linawaka kwa kubonyeza kitufe huku mguu ukiwa kwenye breki. Urahisi huu ndio uliowapa wezi kazi nyepesi, na kwa muda sasa nimekuwa nikinunua vifaa vya kulilinda, kimoja baada ya kingine. Nitaeleza kila kimoja kilivyonifaa, ingawa nitakaa zaidi kwenye imobilaiza, yaani kifaa kinachozuia gari kuondoka, kwa kuwa ndiyo iliyonigharimu fedha nyingi na ndiyo ninayoulizwa mara kwa mara na Waswahili wenzangu wa hapa.

Kabla ya kununua chochote ni vyema mtu aelewe gari lake linaibwaje. Ukishika mkono wa mlango, gari hutoa wimbi la masafa ya chini, la takriban kilohezi 125, ambalo kwa kawaida halivuki mita moja au mbili. Ufunguo ukilipata wimbi hilo hujibu kwa masafa mengine, ambayo kwa magari mengi ya Ulaya ni megahezi 433, na gari likiridhika na jibu hufungua mlango. Katika magari mengi gari halipimi ufunguo uko umbali gani. Linachoangalia ni kama jibu ni sahihi. Kwa hiyo mwizi mmoja husimama karibu na ukuta wa nyumba akiwa na antena, mwenzake husimama mlangoni mwa gari akiwa na kifaa cha pili, na vifaa hivyo viwili hupokezana mawimbi hadi gari liamini kwamba mwenyewe amefika. Watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich walilionyesha jambo hili tangu mwaka 2011, kwa kulijaribu kwenye magari 10 ya watengenezaji 8. Tena injini ikishawaka haizimiki kwa sababu tu ufunguo umebaki nyumbani, kwani gari kuzimika ghafla barabarani kungeweza kuua watu; mwizi anaendesha mpaka anakotaka kufika.

Nilianza na kifuko cha kuzuia mawimbi, ambacho ni pochi ndogo yenye kitambaa cha nyuzi za chuma ndani. Nilinunua viwili kwa bei isiyofika pauni 10, kimoja kwa ajili ya ufunguo ninaoutumia na kingine kwa ule wa akiba, kwa sababu ufunguo wa akiba unaolala kwenye droo ya jikoni unatoa mawimbi sawasawa na mwenzake. Siku za mwanzo vilifanya kazi barabara: ufunguo ukiwa ndani ya kifuko nilisimama ubavuni mwa gari, nikavuta mlango, na mlango haukufunguka. Tatizo la vifuko hivi ni pale vinapokunjwa. Kitambaa cha ndani huchakaa kwenye mkunjo taratibu bila jicho kuona, na kimoja changu kilikuwa kizima kwa nje, ngozi yake ikiwa bado inang'aa, wakati gari lilikuwa tayari linafunguka ufunguo ukiwa ndani yake. Anayetumia kifuko anapaswa kukijaribu tena kila baada ya miezi michache. Jaribio lenyewe halichukui hata dakika moja. Wapo wanaotumia bati la biskuti, lile la buluu ambalo katika nyumba zetu huishia kuwekewa sindano na nyuzi, nalo hufaa ikiwa kifuniko kinabana vizuri, ila nalo lisiaminiwe kabla ya kupimwa kwa njia hiyohiyo.

Lililonifurahisha kuliko kifuko halikunigharimu hata senti. Funguo nyingi za Toyota za aina hii zinaweza kuzimwa zisitoe mawimbi: unabonyeza kitufe cha kufunga bila kukiachia, kisha unabonyeza cha kufungua mara mbili, na kitaa kidogo cha ufunguo humulika mara nne kuthibitisha. Asubuhi ukibonyeza kitufe chochote unaamka tena. Jambo hili limeandikwa kwenye kitabu cha gari, kitabu ambacho wengi wetu hatukifungui mpaka taa nyekundu iwake. Ufunguo wangu wa akiba sasa umezimwa moja kwa moja. Funguo za baadhi ya kampuni nyingine hulala zenyewe zikikaa bila kutikiswa kwa dakika chache, na hapo mwenye gari hahitaji kufanya lolote.

Laiti wizi wa mawimbi ungekuwa njia pekee, tathmini hii ingeishia hapa. Mwaka 2022 hapahapa London, mtafiti wa usalama wa kompyuta aitwaye Ian Tabor alikuta bampa ya RAV4 yake imevutwa na waya za taa ya mbele zimechomolewa. Alidhani ni uharibifu wa wahuni. Miezi michache baadaye gari lilitoweka. Yeye na mwenzake Ken Tindell walichunguza, na mwaka 2023 Tindell alichapisha maelezo ya walichokigundua: wezi walikuwa wanajiunganisha na waya za mawasiliano ya ndani ya gari kupitia taa ya mbele, kwa kifaa kilichofichwa ndani ya ganda la spika ndogo ya JBL, kisha kifaa hicho kinaliambia gari kwamba ufunguo halali upo. Hapo ufunguo hauhusiki kabisa. Unaweza kuuzika kwenye sanduku la chuma futi sita chini ya ardhi na gari bado likaondoka. Aina ya gari iliyotajwa ilikuwa hiyohiyo ninayoiendesha, na ndiyo sababu nilitafuta imobilaiza ya ziada.

Aina niliyofungiwa ni ile inayojulikana hapa Uingereza kwa jina la Ghost. Gharama yake pamoja na ufundi huwa kati ya pauni 400 na 500. Fundi alikuja nyumbani, akafanya kazi gari likiwa palepale linapolala, na alipomaliza sikuona waya mpya wala kitaa kinachowaka, na sehemu alikokificha kifaa hakunionyesha, jambo nililolipenda, kwa kuwa nisilolijua siwezi kulisema. Kifaa kinasikiliza waya zilezile za mawasiliano ya gari, na kinalizuia kuondoka mpaka dereva aingize namba ya siri kwa vitufe ambavyo gari lilikuja navyo: vya usukani, vya vioo vya madirisha, na vinginevyo vya karibu. Mfuatano unaweza kuwa mfupi wa vitufe vinne au mrefu hadi ishirini. Wangu sitauandika hapa, lakini ukiniangalia ungedhani napunguza sauti ya redio na kuhangaika na kioo kabla sijaondoka. Nikiacha kuuingiza, dashibodi inawaka, taa zinawaka, ila neno READY, la kuonyesha kwamba gari liko tayari kuondoka, halitokei na gari halisogei.

Ubora wake ni kwamba hakimtambui mwenye ufunguo. Kinamtambua mwenye namba. Mwizi akipokezana mawimbi, akipitia waya za taa, au akiingia ndani na kuchomeka mashine kwenye tundu la kupimia kompyuta ya gari ili ajitengenezee ufunguo mpya, bado atakutana na swali lilelile. Hata anayevunja mlango wa nyumba na kuchukua ufunguo wenyewe mezani hafiki mbali, ingawa hapo, kusema kweli, mimi ningempa na namba ili aondoke salama na sisi tubaki salama.

Matumizi ya kila siku yana usumbufu wake. Wiki za mwanzo mke wangu alikichukia, hasa mvua ikinyesha na watoto wakiwa wamechelewa shule, na tulikubaliana kufupisha mfuatano mpaka vidole vyake vilipozoea. Gari likienda gereji kwa huduma, unaliweka katika hali ya kuhudumiwa ili fundi aliendeshe bila namba, na ukirudi nalo unapaswa kukumbuka kurejesha ulinzi. Ipo pia kadi yenye namba ya dharura kwa atakayesahau ya kwake, na kadi hiyo haipaswi kukaa ndani ya gari. Nimewahi kuona watu wakiihifadhi kwenye droo ya dashibodi, pamoja na kitabu cha huduma. Kifaa kinaweza pia kufunguliwa kwa simu kupitia bluetooth, dereva asibonyeze kitu. Njia hiyo sikuitumia. Nimenunua kinga dhidi ya kuibiwa kwa mawimbi, na sioni sababu ya kuongeza wimbi lingine.

Kampuni yangu ya bima, ambayo sitaitaja, niliipigia simu kuijulisha kwamba gari limeongezewa kifaa, kama inavyotakiwa. Ilikiandika kwenye faili langu kwa adabu zote na haikupunguza malipo hata kwa senti moja. Mafundi wengi wanaouza vifaa hivi hutamka neno bima mapema sana katika mazungumzo, basi mwenye kutegemea punguzo aulize kwanza bima yake kabla ya kutoa fedha.

Kufuli la usukani nililinunua baadaye, lile la duara la chuma linalofunika usukani mzima, ambalo bei yake hukaribia pauni 150 au kuzidi. Ni zito, linachukua nafasi chini ya kiti, na likiwa na baridi ya Januari vidole vinalilaani. Pamoja na hayo, ndicho kifaa pekee kati ya vyote ambacho mwizi anakiona kabla hajavunja kitu. Imobilaiza imejificha: mwizi hajui ipo mpaka amekwisha kuvuta bampa, kukata waya na kuingia ndani, na hasara hiyo inabaki kwako hata kama gari limebaki. Kufuli linaweza kukatwa kwa grainda, ila grainda usiku wa manane kwenye mtaa wa nyumba zilizobanana ina kelele ambazo mwizi hazitaki. Kwa mwenye uwezo wa kununua kitu kimoja tu, ningeanzia hapa.

Kifaa cha kufuatilia gari kwa setilaiti sikukifunga. Hapa kuna madaraja yaliyowekwa na kituo cha utafiti cha Thatcham, la S7 likiwa la kufuatilia gari na la S5 likiongeza kumtambua dereva, na baadhi ya bima hulazimisha mojawapo kwa magari ya bei kubwa. Kwa gari la kiwango changu niliona ni kulipia ada ya kila mwaka kwa kitu kinachoanza kazi gari likiwa limekwisha kuondoka, na wezi wana vifaa vya kuziba mawimbi yake. Hata hivyo magari yanayoibwa hapa husafiri mbali: usukani wake uko kulia, kama unavyotakiwa Kenya, Uganda na Tanzania, na magari ya wizi kutoka Uingereza yamewahi kukamatwa bandarini Mombasa na huko Uganda. Mwenye Range Rover ana hesabu tofauti na yangu.

Ndugu wa Dar es Salaam na Nairobi wanaoagiza Harrier na Prado za kuwasha kwa kitufe kutoka Japani wameniuliza kama haya yanawahusu. Yanawahusu kwa kiasi, maana Japani kwenyewe njia ya kupitia waya za gari imewasumbua sana wenye Land Cruiser na Lexus. Ila kwao ningeanza na mambo mawili ya karibu zaidi. Gari la mnada mara nyingi hufika na ufunguo mmoja, na hakuna ajuaye wa pili ulibaki kwa nani. Fundi mwenye mashine sahihi anaweza kufuta funguo zote kwenye kumbukumbu ya gari na kusajili upya zile ulizonazo tu. La pili ni maegesho ya maduka makubwa, ambako mtu mwenye kifaa cha kuziba mawimbi huifanya rimoti yako isisikike, ukaondoka ukidhani umefunga. Vuta mkono wa mlango kabla ya kuondoka, ukiwa umempa mtu mwingine ufunguo asogee nao pembeni, au angalia vioo vya pembeni kama vimejikunja, kwa magari yanayokunja vioo yanapofungwa.

Nyota ninazotoa ni hizi: kifuko mbili, kufuli la usukani nne, imobilaiza nne. Ya tano nimeinyima imobilaiza kwa sababu haizuii mlango kufunguliwa. Mwizi wa mawimbi bado anaingia ndani, anachukua kiti cha mtoto, miwani na chochote kilichosahauliwa kwenye kiti cha nyuma, na gari lenyewe linaweza kuvutwa kwa winchi juu ya lori bila kuhitaji injini kuwaka. Fundi aliyenifungia aliniambia hayo kabla sijalipa, na risiti yake inayaeleza pia.