Filimbi ya Kiayalandi kwa anayeanza: plastiki ngumu au mpingo?

Habari za wakati huu, ndugu watazamaji, na karibuni. Mezani mbele yangu kuna filimbi tatu ambazo kwa mbali mtu angedhani zimetoka mkononi mwa fundi mmoja: zote ni nyeusi, zote zina matundu sita ya vidole, na zote ziliuzwa kwa maelezo kwamba ni filimbi za Kiayalandi za sauti ya D, yaani D ndiyo noti yake ya chini kabisa. Nimezitumia kwa nyakati tofauti katika miaka mitatu ambayo nimekuwa nikijifunza muziki wa jadi wa Ayalandi hapa Galway ninakoishi, na leo nataka kumsaidia anayeanza asipoteze fedha zake, na zaidi ya hapo, asikate tamaa kwa kosa ambalo si lake.

Kwanza tuijue ala yenyewe. Hii ni filimbi inayoshikwa kwa mlazo, ikielekea upande wa kulia wa mpigaji, tofauti na nai ya taarab inayopulizwa kwenye ncha. Asili yake ni filimbi za mbao zilizotengenezwa katika karne ya 19, nyingi zikitoka London katika karakana kama ile ya Rudall & Rose. Mjerumani Theobald Boehm alipobuni mifumo yake mipya ya vibonyezo, wa kwanza mwaka 1832 na wa pili mwaka 1847, wapigaji wa okestra walihamia huko hatua kwa hatua, na zile za mbao zikauzwa kwa bei nafuu kama mitumba. Wanamuziki wa Ayalandi, hasa wa kaunti za Sligo, Leitrim na Roscommon, waliziona zinafaa ngoma zao, na ndiyo maana mafundi wa leo bado wanafuata vipimo vya filimbi hizo za zamani. Ndani yake, kichwa kina upana ulio sawa mwanzo hadi mwisho, lakini kiwiliwili kinazidi kuwa chembamba kadiri kinavyoelekea mguuni. Anayeanza hahitaji vibonyezo hata kimoja, kwa sababu matundu sita yanatosha kupiga katika ngazi za D na G, na nyimbo nyingi mno za jadi zimo humo.

Sasa filimbi ya kwanza. Niliinunua mtandaoni kwa chini ya yuro 100, imepakwa vanishi inayong'aa na ina pete za chuma zinazovutia macho. Sitataja aliyeniuzia. Tazameni jaribio hili: ninaziba matundu yote sita, ninaziba ncha ya chini kwa kiganja cha rafiki yangu aliyeketi hapa, kisha ninavuta hewa kwa mdomo kupitia tundu la kupulizia. Filimbi isiyovuja ingeng'ang'ania mdomo wangu kwa muda, lakini hii inaachia papo hapo, maana hewa inapita kwenye maungio, ambako uzi uliofungwa umelegea, na kwenye ufa mwembamba ulio karibu na tundu la tatu. Kwa miezi sita nilidhani tatizo ni midomo yangu. Nilikuwa napuliza hadi kichwa kinazunguka, D ya chini haitoki, na noti ya F inasikika kama inatafuta mahali pa kukaa. Siku mwalimu mmoja mzee alipoichukua, akapuliza yeye, na D ikakataa hata kwake, nilikosa la kusema. Kama bajeti yako inaishia kwenye filimbi ya namna hii, nakuomba usiinunue. Nunua filimbi ndogo ya bati ya sauti ya D, ile inayopulizwa kwa wima, ambayo gharama yake ni ndogo sana. Mpangilio wa vidole ni uleule karibu wote, na kila wimbo utakaoujifunza humo utauhamishia kwenye filimbi kubwa baadaye.

Filimbi ya pili ndiyo hasa niliyokuja kuizungumzia. Imetengenezwa kwa plastiki ngumu ya Delrin, ambayo mafundi huichonga kwenye mashine ileile ya kukerezea mbao na kwa vipimo vilevile. Ni nzito mkononi, haipasuki wakati wa baridi, haihitaji mafuta, na ukimaliza kupiga unaweza kuiosha kwa maji. Kwa hapa Ayalandi jambo hilo si dogo, kwa kuwa nyumba hupashwa joto jioni na kupoa usiku, na mbao changa haipendi mabadiliko hayo. Filimbi ya aina hii isiyo na vibonyezo kwa kawaida hugharimu yuro mia kadhaa. Ninaposema ni nzuri simaanishi kwamba inamfaa mwanafunzi tu, kwani nimewasikia wapigaji wazoefu wakiitumia kwenye baa zenye kelele, na sikuona mtu akigeuka kuuliza imetengenezwa kwa nini.

Unapoagiza, muulize fundi kuhusu ukubwa wa matundu na umbali kati yake. Filimbi zilizofuata mfano wa Pratten, mmoja wa miundo ya zile filimbi za zamani, zina matundu makubwa na sauti nene, lakini mkono wa kulia unalazimika kutanuka sana, na zinakula pumzi. Mwenye vidole vifupi aombe matundu madogo. Hakuna aibu katika hilo. Tena, usizibe tundu kwa ncha ya kidole kama mpiga piano anavyogusa kibao. Laza vidole, uzibe kwa ile nyama ya pingili ya kwanza, na kwa baadhi ya watu hata ya pili. Naileta kamera karibu ili muone kitu: nimebana matundu yote kwa sekunde kumi, sasa ninafungua mkono. Kwenye kila kidole kuna alama ya duara. Kidole cha pete cha mkono wa kulia kina duara kamili leo, lakini mwaka wa kwanza kilikuwa na alama ya mwezi mwandamo, nusu yake tu, na kupitia nusu iliyobaki hewa ilikuwa ikitoroka. Ukiona mwezi, sogeza kidole. Usiongeze nguvu ya kubana, maana kubana kunaukaza mkono na baadaye hutaweza kupiga kwa kasi.

Kuhusu midomo, anza na kichwa cha filimbi peke yake, bila kiwiliwili. Puliza kama unavyopuliza mdomo wa chupa tupu, hewa ikigonga ukingo wa mbali wa tundu: nusu iingie, nusu ipite juu. Sauti ikipatikana, iache, uitafute upya, hata mara ishirini kwa siku. Ukikiunganisha kichwa na kiwiliwili, anza na B kwa kidole kimoja cha kushoto, uongeze kidole kwa A, uongeze kingine kwa G, na ukae kwenye noti hizo tatu kwa wiki nzima kabla ya kushuka. D ya chini ni ya mwisho, na inataka upenyo mdogo wa midomo wenye hewa iliyokazwa, si hewa nyingi. Wengi hukosea hapa kwa kupuliza kwa kishindo, na noti inarukia oktava ya juu. Ukisikia kizunguzungu, keti, pumzika, kwa sababu bado unamwaga pumzi nje ya filimbi, na kila wiki utamwaga kidogo kuliko wiki iliyotangulia.

Kuna jambo moja ambalo video nyingi hulipita haraka nami naona ndiyo roho ya ala hii, nalo ni mahali pa kuvuta pumzi. Huu ni muziki wa kuchezewa. Jigi na rili ni aina mbili za nyimbo zake: jigi huenda kwa mdundo wa sita kwa nane na rili kwa nne kwa nne, na kwa kawaida kila sehemu ya wimbo ina vipimo vinane vya mdundo vinavyorudiwa, bila pengo lolote lililoachwa kwa ajili ya mapafu yako. Mpigaji hasimamishi mdundo ili avute pumzi. Anaiacha noti moja, anaimeza kabisa, na mahali pake anavuta hewa, kisha anaingia kwenye noti inayofuata kwa wakati wake. Msikilize Matt Molloy, mzaliwa wa Ballaghaderreen aliyepiga na kundi la The Chieftains, au rekodi za John McKenna wa Leitrim alizozifanya New York katika miaka ya 1920, na utasikia jinsi pumzi yenyewe inavyogeuka kuwa sehemu ya mdundo. Mapambo nayo hufanywa zaidi kwa vidole kuliko kwa ulimi. Ukiwa kwenye G, nyanyua haraka kidole kimoja cha kushoto, huo ni mkato; kisha dondosha kidole cha shahada cha kulia na kukirudisha, hilo ni pigo; ukiviunganisha katika noti moja ndefu umepata roli. Lakini usiyaguse haya kabla wimbo haujasimama wima bila pambo lolote.

Filimbi ya tatu ni ya mpingo, na hapa naomba mniruhusu nichelewe kidogo. Mimi ni mtoto wa Nachingwea, mkoani Lindi. Nimekua nikiujua mpingo kwa vinyago vya Wamakonde, kwa mti wenye miiba na shina lililopindapinda, na kwa ule weusi wa kiini unaojitokeza ukikwangua ganda jeupe la nje. Siku fundi hapa Ayalandi aliponiwekea kipande kibichi mkononi na kuniambia kuwa ni mbao ya Tanzania, bora kuliko zote kwa kazi hii, niligusa macho kwanza kabla ya kujibu. Mbao hii ni nzito kiasi cha kuzama majini, inakerezeka kwa usafi, na nyuzi zake zimeshikana kiasi kwamba mate na unyevu haviipenyi kirahisi. Hata hivyo mti hukua kwa miongo mingi, na kwa sababu ya mapindo na nyufa sehemu kubwa ya gogo hutupwa kabla ya kupatikana kipande kilichonyooka. Ndiyo maana nilimuuliza fundi gogo lake limetoka wapi, nami nawasihi muulize pia. Vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, mwaka 2009 kwa misitu vinavyoisimamia vyenyewe. Kwa msafiri, ala za mpingo zilizokamilika zimeondolewa masharti ya vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Novemba 2019.

Sauti yake ina giza tamu kwenye noti za chini ambalo plastiki yangu hailifikii kikamilifu, ingawa tofauti ni ndogo kuliko bei inavyodai: filimbi ya mpingo kutoka karakana nzuri mara nyingi huzidi yuro 1,000, vibonyezo vikiongezwa hupanda sana, na foleni ya kusubiri huweza kuwa ndefu. Pia ina masharti. Wiki za kwanza ilipigwa dakika kumi na tano tu kwa siku, hukaushwa ndani kwa kitambaa kila baada ya kupigwa, na hupakwa mafuta ya lozi mara kwa mara. Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: anza na plastiki ngumu kutoka kwa fundi anayejulikana kwa filimbi za Kiayalandi, na mpingo uje baada ya mwaka mmoja au miwili, masikio yako yakishajua yanatafuta nini.

Kwa masomo, nenda kwenye tawi la Comhaltas, chama cha muziki wa jadi wa Ayalandi, lililo karibu nawe kama uko huku, au jiwekee akiba uhudhurie shule ya kiangazi ya Willie Clancy mjini Miltown Malbay, Clare, ambayo ilianza 1973 na hufanyika Julai. Nyimbo hufundishwa kwa sikio, kipande kwa kipande. Kwenye kikao cha muziki baani keti nyuma kidogo kama mgeni barazani, sikiliza, na usipige wimbo usioujua.

Sasa nitapiga jigi moja polepole mara mbili, kwanza kwa Delrin, kisha kwa mpingo. Naomba mfumbe macho.