Postikadi za Gustav Klimt: ipi ya kununua kwanza

"Busu", picha ya wapenzi wawili ya mchoraji Gustav Klimt wa Austria, ina sentimita 180 kila upande. Ni mraba kamili. Postikadi ya kawaida ina sentimita 10.5 kwa 14.8, na shida inaanzia hapo: ili picha ijae kadi nzima, mchapaji hukata karibu asilimia 29 yake. Inayoondoka ni ile nafasi ya dhahabu iliyowazunguka wapenzi, na mara nyingi pia ukingo wa maua alipopiga magoti mwanamke. Klimt aliupenda mraba. Picha aliyomchora bibi Adele Bloch-Bauer, ya mwaka 1907, ni mraba, na hata mandhari zake nyingi za ziwa Attersee, huko Austria. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, tazama kama picha ni nzima.

Nafasi ya kwanza naipa kadi ya mraba, hasa kama utaitia kwenye fremu. Kwa kutuma ina gharama: baadhi ya posta, ikiwemo ya Marekani, hutoza zaidi kwa umbo hilo.

Ya pili ni kadi ya kawaida yenye ukingo mweupe. Picha inakuwa ndogo lakini haijaguswa. Kama lengo lako ni kuandika na kutuma, chukua hii.

Ya tatu ni kuchapisha mwenyewe. Klimt alifariki 1918, hakimiliki yake imekwisha, na makumbusho ya Belvedere mjini Vienna, yenye "Busu", yanaruhusu picha nyingi zipakuliwe bure. Mwambie mchapaji akupe karatasi isiyong'aa ya gramu 300 kwa mita ya mraba, na aanze na nakala moja ya majaribio. Nyuso zikielekea kijani, arekebishe rangi kwanza.

Vitabu vya postikadi za kuchana naviweka nafasi ya nne. Kila kadi inakuja kwa bei ndogo, lakini ukingo hubaki na meno, na picha zilizokatwa huchanganywa na nzima.

Ya mwisho, na najua wengi huikimbilia, ni kadi iliyobandikwa dhahabu inayometameta. Klimt, mtoto wa mchonga dhahabu, alitumia dhahabu halisi: kwingine imefifia, kwingine inawaka, kwingine imeinuka juu ya turubai. Utando wa kiwandani una mng'ao mmoja tu, nao hufunika tofauti hizo zote. Wino wa kawaida haumetameti, ni kweli, ila ukichapwa vizuri hutoa manjano na kahawia za viwango vingi, na macho yako yanaona mahali vazi la mwanamume linapoishia na la mwanamke linapoanzia.

Mwisho geuza kadi. Nyuma pawe na jina la picha, mwaka, vipimo na makumbusho inapokaa, na karatasi iwe kavu, isiyopakwa mng'ao, ili wino wa kalamu usisambae.