TAHADHARI: Fundi wa mabwawa anayeonja mchanga

Jamani, yule mtu bado anazunguka. Sasa ameonekana Jambiani na futi kamba yake, anapima uwanja wa watu. Ni yule yule wa kofia ya manjano aliyemfanyia kazi Bi Mkubwa kule Bwejuu. Kwa asiyejua: alichukua pesa zake amjengee bwawa la kuogelea, bwawa likavuja, likapasuka, naye akazima simu.

Watu wanauliza, vipi mtu mzima na akili zake atoe asilimia 60 ya pesa hata shimo halijachimbwa? Sikilizeni alivyofanya, kisha mniambie nani asingetoa. Lori la mchanga wa kuonesha lilipofika, aliwazuia vijana wasishushe. Akapanda mwenyewe, akachota kiganja, akautia kwenye ncha ya ulimi mbele ya mwenye nyumba na wajukuu wamesimama, akatema. "Huu wa pwani, una chumvi, utakula nondo. Urudi ulikotoka." Lori likageuzwa kweli! Halafu akatoa kaliperi mfukoni, kile kipimo cha unene, akakibana kipande cha nondo, akamsogezea Bi Mkubwa asome mwenyewe: milimita 12. Na alichosema siku ile chote ni sahihi. Chumvi huila nondo, nondo ikishika kutu huvimba, ikivimba hupasua zege kutoka ndani. Hata mjuzi wa kazi angemsikia angesema huyu fundi. Pesa zikatoka jioni ile ile, maana ati bei ya nondo ilikuwa inapanda Jumatatu.

Lori lile lilizungushwa tu. Dereva mwenyewe kasema: siku ya kumwaga zege, Bi Mkubwa yuko mjini kwenye maziko, na mchanga ule ule ukarudi.

Ukuta ulipovunjwa, nondo zilizotoka ni za milimita 8, safu moja, zimeachana sentimita 30, na chini zimelala juu ya udongo bila hata biskuti moja, kile kipande kidogo cha zege cha kuzinyanyua. Karibu na bahari zege inatakiwa ifunike nondo sentimita 5. Nondo ya 12 ya urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.7 hivi, ya 8 haifiki kilo 5. Kwa hiyo hata idadi ingetimia, amempa mtu chini ya nusu ya chuma alichokilipia.

Saruji ndiyo usiseme. Bwawa ni mita 8 kwa 4, kina wastani mita 1.5, yaani lita 48,000. Sakafu na kuta za unene wa sentimita 20 zinataka zege kama mita za ujazo 15, na kwa ratio ya 1:1.5:3 (saruji, mchanga, kokoto) kila mita ya ujazo inakula mifuko kama 8 ya kilo 50. Fanya 120. Iliyoingia pale haikufika 70. Ule mkanda wa mpira wa kuzuia maji baina ya sakafu na ukuta hakuweka kabisa, na hapo ndipo maji yalipoanza kupita. Mabomba kaweka yale mepesi ya maji machafu badala ya mabomba ya presha, akayafukia bila kuyajaza maji na kuyaacha na presha siku nzima kuona kama yanavuja.

Pampu ni ya kupandishia maji kwenye tangi, nguvu yake nusu hospawa (nguvu ya farasi). Bwawa la saizi ile maji yake yote yanatakiwa yapite kwenye chujio kwa saa 6, ndiyo lita 8,000 kwa saa, tena hizo ni baada ya kasi ya pampu kupunguzwa na ukinzani wa chujio. Lakini hiyo pampu tungeisamehe. Waya wake kauunga moja kwa moja bila ile swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja miliampia 30. Watoto wanaogelea mle! Huyu si wa kudaiwa pesa tu, huyu ni wa kufungwa.

Maji yakawa yanashuka sentimita 6 usiku mmoja, karibu lita 2,000. Yeye akasema jua. Jua gani usiku? Kwa hali yetu mvuke hauchukui hata sentimita moja kwa kutwa nzima. Anayetaka uhakika ajaze ndoo maji, aiweke kwenye ngazi ya bwawa, maji ya ndani na ya nje yawe sawa, aangalie kesho yake. Bwawa likishuka kuliko ndoo, linavuja.

Alipobanwa akaamuru bwawa limwagwe lote, katikati ya masika, maji ya ardhini yako juu. Beseni lile tupu lina tani 36 hivi. Maji ya ardhini yakiwa mita moja juu ya kitako chake yanalisukuma kwa tani 37. Likanyanyuka upande wa kina kirefu, sakafu ikapasuka kutoka kona hadi kona. Valvu ya chini ya kupunguza msukumo huo, hakuna. Akazima simu siku hiyo hiyo.

Mtu wa namna hii asikamatwe kwa nini? Sheha anazo karatasi, polisi wanazo picha. Arudishe kila senti, avunje kwa mikono yake na abebe kifusi chake.

Kumtambua: picha za mabwawa ya hoteli za Nungwi anasema zake, lakini ukitaka kwenda kuyaona anasingizia ana safari ya Pemba. Hana mchoro wa nondo. Risiti za mkono, hazina mhuri. Siku ya zege huichagua mwenye nyumba hayupo. Hataki mifuko mitupu ya saruji ibaki kiwanjani ihesabiwe. Akikuonjea mchanga, mlipe nauli aende.

Mliopo Jambiani, uwanja wenyewe ni ule nyuma ya skuli, umezungushiwa makuti mapya. Mwenye nyumba analipa Ijumaa. Mtu ampigie hodi leo.