Matairi ya KO2 kwenye Prado: lami ya Mwanza na tope la Kwimba

Kwa miezi kumi na minne nimetumia matairi ya BFGoodrich KO2, yaliyoundwa kwa lami na njia mbovu pia, ya saizi 265/65R17 kwenye Prado ambayo siku za kazi hushinda kwenye lami ya jijini na mwishoni mwa wiki huenda shambani Kwimba. Kwenye changarawe na mawe makali ya vilima vya Bugarika sijapata pancha hata moja, kwa kuwa ubavu wake ni mnene, ilhali matairi ya awali yalinifanya nifahamiane mno na fundi wa pancha.

Udongo mweusi wa mbuga ni habari nyingine. Mvua ikinyesha, tope hilo hujaa katikati ya kashata (vinundu vya uso wa tairi) na kuganda kama ugali wa muhogo, hata tairi jipya likawa kama kipara. Nikishusha upepo kutoka psi 35 hadi 22 gari hutoka, mradi niende polepole na niujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami.

Kwenye lami yananguruma kidogo kuanzia mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na mafuta yanaliwa zaidi.

Kabla ya kulipa, soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyoandikwa ubavuni, zinazoonyesha tairi lilitengenezwa lini: 1118 humaanisha wiki ya 11 ya mwaka 2018. Duka moja liliwahi kuniuzia tairi la zamani kama hilo likiitwa jipya, liking'aa kwa dawa ya kupaka, na nyufa zilijitokeza baada ya miezi miwili.