Brashi ya kupaka visanamu: angalia tumbo kabla ya ncha

Malalamiko ni yale yale: rangi inakauka kwenye brashi kabla ya kufika kwenye jicho la kisanamu. Wanaolalamika hubadilisha rangi, wakaagiza ya bei zaidi, na shida haiondoki. Waulize wanatumia brashi gani. Ni saizi 000, nyembamba mno, au ndogo zaidi, kwa kuwa jicho ni dogo.

Kinachochora ni ncha, lakini kinachoilisha ncha ni tumbo, pale nywele zinaponenepa karibu na pete ya chuma. Brashi ya 000 haina tumbo la maana. Inabeba tone dogo mno, na akriliki, rangi ya maji tunayopakia visanamu, hukauka maji yake yakipaa. Unyevu wa Pwani ungesaidia kidogo, ila nani atapaka rangi Mombasa mwezi wa Februari bila feni? Tone linakauka, unachovya tena juu ya rangi iliyokwisha kukauka, nywele zinagawanyika na mstari unatoka na chengachenga. Saizi 1 yenye ncha kali inamaliza jicho la kisanamu chenye kimo cha milimita 28 rangi ikiwa bado mbichi.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni Raphaël 8404 ya Ufaransa, saizi 1, na ninaipendelea waziwazi. Ni nywele za mkia wa kicheche wa Siberia, zinazoitwa kolinsky, tena ndefu na zenye tumbo nene. Wapo wanaoona urefu huo unawayumbisha mkono, mkono huzoea.

Ya pili ni Winsor & Newton Series 7, saizi 1. Jina lake ni kubwa tangu 1866, ilipotengenezwa kwa ajili ya Malkia Victoria. Soma mpini vizuri, maana ipo Series 7 Miniature, na jina hilo huwanasa wengi. Hiyo nywele zake ni fupi na tumbo dogo, yaani ugonjwa ule ule kwa bei ya juu. Ya tatu ni Rosemary & Co Series 33 ya Uingereza, kolinsky pia, na bei yake ni nafuu kuliko Series 7.

Nailoni: ncha hujipinda kama ndoana baada ya muda mfupi. Nunua moja tu, ya kupakia rangi za dhahabu na fedha, kwa sababu chembe zake huharibu nywele nzuri. Kwa kupaka kikavu, yaani kupitisha brashi iliyofutwa rangi karibu yote juu ya sehemu zilizoinuka, brashi ya vipodozi inatosha.

Brashi ya kolinsky hufa rangi ikikaukia ndani ya pete: nywele zinatanuka kutoka chini na ncha hairudi tena. Chovya hadi nusu ya nywele, usipite hapo. Osha kwa maji ya baridi na sabuni laini ya mtoto, kwani sabuni ya kufulia hunyonya mafuta ya nywele. Ilaze ikauke, na usirudishe kile kifuniko cha plastiki kabla haijakauka, la sivyo itaota ukungu humo ndani. Viwavi wa nondo nao hula nywele hizi, kwa hiyo zihifadhi kwenye mkebe unaofunga vizuri.

Sasa wauzaji. Brashi mpya hupakwa gundi nyepesi ili ncha ikae, hivyo hata takataka huonekana kali dukani. Ilowanishe kwa maji safi, izungushe mpaka gundi itoke, ikung'ute mara moja. Nywele zirudi kwenye ncha moja. Zikigawanyika, hiyo si brashi ya kulipia. Wengi hukataa usilowanishe, kisha hukuuzia nailoni iliyopakwa rangi ya kahawia kwa bei ya kolinsky na kukwambia "ni orijino". Anayekataa maji ana anachoficha. Kuagiza nje nako kunauma: VAT ya Kenya ni asilimia 16, na nauli ya brashi moja yaweza kuishinda bei ya brashi yenyewe. Jikusanyeni watu wanne au watano, muagize kifurushi kimoja.