Siku Nne kwa Gari la Kukodi Kwenye Mahekalu na Milima ya Karnataka: Uzoefu Wangu

Mwezi Januari nilimsindikiza mjomba wangu kwenda kutibiwa Bengaluru, kusini mwa India, na baada ya upasuaji kwenda vizuri tuliambiwa tusubiri siku kumi kabla ya kupanda ndege ya kurudi Dar es Salaam. Mjomba, ambaye mkewe alikuwapo kumhudumia na ambaye alikwisha choka kuniona nikizungukazunguka chumbani, ndiye aliyeniambia nitafute pa kwenda. Nilikodi gari dogo pamoja na dereva kwa wakala mmoja mwenye ofisi jirani na hospitali, na ninaandika haya kwa ajili ya Watanzania wenzangu wanaofika mji ule kwa sababu ya matibabu na kuishia kuiona India kupitia dirisha la wodi.

Nianze na malipo, maana ndipo nilipoumia. Bei niliyotajiwa ilikuwa rupia 13 kwa kilomita, nami nikapiga hesabu ya haraka nikaona ni nafuu. Kilichokuwa kimeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya karatasi niliyotia saini ni kwamba kila siku huhesabiwa kuwa kilomita 300 hata gari likilala limesimama, na kwamba hesabu huanzia kwenye gereji yao na kuishia hukohuko. Mzunguko wangu wote haukufika kilomita 800, lakini nililipia 1,200. Juu yake kulikuwa na posho ya dereva, rupia 400 kwa siku, ambayo kule kusini huitwa "bata". Nilipoliona neno hilo kwenye risiti nilidhani kuna mtu ananitania, kwa kuwa kwetu anayekula bata ni abiria. Dereva mwenyewe sina neno naye. Alikuwa mtu mzima, mpole, asiyekimbiza gari. Nilimwita "anna", yaani kaka kwa Kikannada, lugha ya huko, na tulielewana kwa Kiingereza cha maneno machache na ishara nyingi.

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri kuelekea mji wa Hassan, mwendo wa kilomita 180 hivi. Wakala alikuwa amenipangia mahekalu ya Belur na Halebidu tu, ambako mabasi ya watalii hujaa, lakini dereva ndiye aliyekata kona katika barabara ya Belur akanipeleka kijiji cha Doddagaddavalli. Hekalu la hapo lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 12, enzi ya ufalme wa Hoysala, nalo halikujengwa na mfalme bali na mfanyabiashara na mkewe. Limezungukwa na minazi na bwawa, na asubuhi ile hapakuwa na mgeni mwingine. Mlinzi alifungua kufuli, akawasha taa moja hafifu, na mbele yangu wakatokea mizuka wawili wa mawe wakilinda mlango wa Kali, mungu wa kike wa Wahindu, waliokonda hadi mbavu zao zinahesabika moja moja. Nakiri kwamba nilirudi nyuma hatua moja, na mlinzi akacheka. Bila shaka ameliona hilo kwa kila mgeni.

Jiwe lililotumika katika mahekalu haya ni jiwe la sabuni, ndugu wa lile la Kisii ambalo vinyago vyake huuzwa pale Mwenge. Likitoka machimboni huwa laini, kisha hukazana likipigwa na hewa, na ndiyo sababu mafundi waliweza kuchonga mikufu, kucha na hata matundu ya mapambo kana kwamba wanachonga mti. Hekalu la Belur, ambalo mfalme Vishnuvardhana aliliagiza mwaka 1117, ni kubwa na la kupendeza, lakini bado ni mahali pa ibada na foleni yake ni ndefu, hivyo sikukaa sana. Halebidu, umbali wa kilomita 16 tu, ndiyo iliyokuwa mji mkuu wa ufalme huo, ukashambuliwa mwaka 1311 na jeshi la usultani wa Delhi chini ya Malik Kafur. Wageni wengi hupiga picha za safu ya tembo waliochongwa chini ya ukuta wa hekalu kubwa, kisha huondoka. Ukitembea kidogo kuna mahekalu ya Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India, yaliyo kimya kabisa, na katika moja nguzo zimesuguliwa hadi zinang'aa. Niliposimama mbele ya nguzo mojawapo nilijiona nikiwa mwembamba, kisha mnene, kisha nimepinda.

Vaeni soksi. Viatu huachwa nje, na sakafu ya jiwe saa saba mchana inaunguza.

Siku ya tatu tulipanda milima ya Chikkamagaluru, kwa kona ambazo aliyewahi kupita Kitonga hatazishangaa. Mullayanagiri, kilele cha juu kuliko vyote katika jimbo la Karnataka, kina mita 1,930, si kitu kwa nchi yenye Kilimanjaro, lakini mandhari yake ndiyo iliyonifanya nisamehe nusu ya bili. Miteremko yote ni kahawa chini ya kivuli cha migrivea, ileile tunayoiona Lushoto na Moshi, na kila mgrivea umepandwa na mpilipili manga hadi juu. Ilikuwa msimu wa mavuno. Uani kwa watu buni ilikuwa imeanikwa, na mama mmoja alikuwa akiigeuza kwa reki ya mbao bila haraka. Husimuliwa kwamba kahawa ililetwa huko katika karne ya 17 na Baba Budan, walii wa Kiislamu aliyerejea kutoka Makka akiwa ameficha mbegu saba za Mokha, Yemeni. Pango linalohusishwa naye huzuriwa na Waislamu na Wahindu, na pande hizo zimeshindania usimamizi wake kwa miaka mingi. Nilikuta askari mlangoni, nikaingia, nikatoka bila kuulizwa dini yangu.

Siku ya mwisho nilisisitiza tupite Amruthapura, karibu na Tarikere, kwenye hekalu la mwaka 1196 ambamo mchongaji Mallitamma anasemekana kuanza kazi yake kwa kuchonga dari. Nililala chali sakafuni kuzitazama. Hakuna aliyenikataza.

Nikienda tena nitapanda treni hadi Hassan na kukodi gari hukohuko, ili nisilipie kilomita za Bengaluru. Mjomba ana miadi ya uchunguzi mwezi Julai, lakini safari hiyo sitapanda milima, kwa sababu pepo za kusi, zinazotupa sisi ubaridi wa pwani, kule huleta mvua kubwa na maporomoko barabarani.